Dira anaijua, kasuku hamjui: kisa cha JBR

Mtahini anataja neno moja, kijana aliyeketi mbele yake anaeleza maana. Hakuna picha wala kidokezo. Dira? "Chombo cha kukuambia unaelekea upande gani." Mkoba? "Kikasha kidogo cha wanafunzi cha kubebea karatasi." Tochi? "Taa ya kushika mkononi." Majibu mafupi, yamenyooka, na hakuna mwalimu ambaye angeyakata.

Kasuku? "Sijui." Dafodili, lile ua la manjano ambalo Mwingereza yeyote analijua tangu utotoni? "Mmea." Konokono? "Mnyama mdudu." Mbuni? "Si wa kawaida."

Majibu yalitolewa kwa Kiingereza na hapa nimeyaleta kwa Kiswahili, lakini pengo kati ya kundi la kwanza na la pili halikuletwa na tafsiri. Kijana huyu aliweza kueleza hema na dira, ila ukimgusia ndege, ua au mdudu anabaki na makombo. Anajulikana kwa herufi tatu tu, JBR, na ripoti yake iliyochapwa mwaka 1984 katika jarida la Brain na Elizabeth Warrington na Tim Shallice wa London imewagombanisha watafiti wa akili kwa miongo minne. Naona kila anayejiuliza jinsi akili inavyopanga vitu katika makundi anapaswa kupita kwake, kwa sababu kisa hiki kinaonekana rahisi sana siku ya kwanza, na siku ya pili kinakataa maelezo uliyojipa jana yake.

Yaliyompata

JBR alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23 alipougua mwaka 1980. Virusi vya herpesi simpleksi, vilevile vinavyoacha vidonda vya homa mdomoni, vilipanda hadi kwenye ubongo na kuuvimbisha. Ni ugonjwa wa nadra, na una mazoea yake: haushambulii ubongo ovyo, hupenda sehemu za pembeni zilizo usawa wa masikio, hasa upande wa mbele na wa ndani. Kwake pande zote mbili ziliumia. Alipopona aliweza kuzungumza, kusikia na kuona, ila kumbukumbu ya mambo ya kila siku ilikuwa imevurugika vibaya.

Huo uvurugikaji ndio watu wengi wanaoukimbilia wanaposikia kisa hiki mara ya kwanza: basi alisahau. Hapana. Kusahau ulikula nini asubuhi ni jambo moja, kutojua kasuku ni nini ni jingine. La kwanza linahusu tukio lenye saa na mahali pake. La pili linahusu maana, akiba ile ambayo hukumbuki uliiweka lini. Hakuna anayejua siku aliyojifunza kwamba konokono ana gamba. Warrington alikuwa ameshaonyesha mwaka 1975 kwamba akiba hii ya maana inaweza kuharibika peke yake, na kwamba inapobomoka haibomoki ovyo: maelezo madogomadogo hutangulia kupotea, jina la kundi kubwa hubaki nyuma. Ndiyo maana jibu "mmea" lina thamani yake. JBR hakupoteza ua lote, alibakiwa na rafu bila kitabu.

Hata lile jibu la mbuni, ambalo mtu angelicheka, nalipenda kuliko yote. Eleanor Rosch, katika miaka ya 1970, aliwauliza watu ndege gani ni ndege hasa, na majibu yalifanana mno: wale wadogo wanaoruka na kuimba walishika juu, mbuni na pengwini wakabaki mkiani. Kundi la "ndege" akilini halina uzio, lina kitovu, na wengine wako karibu nacho kuliko wenzao. JBR alikuwa amempoteza mbuni mwenyewe, shingo, miguu, mbio na yote, lakini bado alijua alikuwa amekaa wapi: pembeni.

Namba

Kwa picha, JBR alitambua asilimia 6 ya viumbe hai na asilimia 90 ya vitu visivyo na uhai. Kwa kueleza maneno aliyosomewa, asilimia 8 dhidi ya 79.

Hizi safu mbili zikisomwa pamoja zinaziba milango miwili. Kama tatizo lingekuwa macho, maneno ya kusikia yangemwokoa. Kama lingekuwa kulipata neno ulimini, asingeweza kueleza dira, na picha ya dira ingemshinda vilevile. Kilichoharibika kipo nyuma ya jicho na nyuma ya sikio, mahali ambapo njia zote mbili hukutana: kwenye dhana yenyewe.

Hakuwa peke yake. Katika ripoti hiyohiyo kulikuwa na mgonjwa mwingine, SBY, aliyeugua ugonjwa uleule. Alieleza mwavuli, taulo na nyambizi vizuri kabisa. Alipoulizwa nyigu, alisema ni ndege anayeruka. Buibui, akasema, ni mtu anayetafuta vitu, buibui wa taifa au nchi fulani. Ukiisikiliza Kiingereza unaona alikopita: *spider* na *spy* zinaanza kwa sauti moja, na mnyama alipokosekana, jasusi akaingia mahali pake. JBR naye alipoulizwa mkunga, yule samaki kama nyoka, alijibu "hajisikii vizuri". *Eel*, *ill*. Sauti ilikuwa inagonga mlango wa nyumba iliyohamwa, jirani akaitika.

Rafu iliyoungua?

Sasa kinachojitokeza chenyewe ni hiki: akilini kuna chumba cha viumbe hai na chumba cha vitu, moto ukateketeza kimoja. Sisi tunaosema Kiswahili tunashawishika haraka zaidi, kwa kuwa ngeli zetu zinachora mstari huo kila tunapofungua mdomo. Ndege ameruka. Ndege imeruka. Herufi moja, na msikilizaji ameshajua kama tunazungumzia manyoya au injini. Kifaru amejeruhiwa, kifaru kimejeruhiwa: mmoja anahitaji daktari wa mifugo, kingine fundi wa jeshi. Ukizoea lugha ya namna hii, kusikia kwamba ubongo nao una mstari kati ya chenye uhai na kisicho na uhai hakukushtui hata kidogo.

Ila mstari wa JBR haukupita hapo. Ngeli ya A-WA ina watu na wanyama. Miti na maua tumeyapeleka kwingine. Kwake mimea ilizama pamoja na wanyama. Hilo tungelivumilia, mimea ina uhai. Lakini Warrington na Shallice hawakuishia kwenye makundi mawili makubwa, na hapo ndipo kazi yao inaponifanya niwaheshimu. Waliendelea kuchimba kundi moja baada ya jingine, wakakuta alishindwa pia kwenye vyakula. Kwenye vito vya thamani. Kwenye aina za vitambaa. Kwenye ala za muziki. Na viungo vya mwili, ambavyo viko hai kuliko chochote, alivieleza vizuri.

Yakuti halipumui. Fidla haizai. Mkono unatoka damu ukiukata. Kama chumba cha "viumbe hai" ndicho kilichoungua, yakuti lilikuwa linafanya nini humo ndani, na mkono ulitokaje salama?

Maelezo yao yaliacha majina ya makundi yakatazama kinachotumika kuyajua. Jaribu mwenyewe: eleza tofauti ya yakuti na zumaridi kwa mtu asiyeziona. Utasema rangi, kisha rangi tena, kisha utanyamaza. Jaribu hariri na kitani: mng'aro, wepesi, mguso. Jaribu chui na duma: madoa, mwili, uso. Sasa eleza tofauti ya nyundo na msumeno. Huhitaji rangi yoyote. Nyundo inagonga, msumeno unakata, imekwisha. Mkono unashika, jicho linaona, goti linakunjika. Vitu vingine tunavijua kwa sura, vingine kwa kazi. Wanyama, maua, vito na vitambaa wanaangukia upande wa sura. Zana na viungo vya mwili, upande wa kazi. Ukiharibu maarifa ya sura, viumbe hai watazama, na kila kinachojulikana kwa sura kitazama nao, hata kiwe jiwe.

Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya hoja safi kabisa katika fani nzima. Inasema kundi akilini halihitaji kuandikwa popote. Hakuna kabati lenye kibandiko "hai". Kuna njia mbalimbali za kujua, na makundi tunayoyaona ni vivuli vya njia hizo.

Mwaka 1991 Martha Farah na James McClelland waliijaribu hoja hiyo kwa kompyuta. Kwanza waliwapa watu maelezo ya kamusi ya viumbe na vitu, wakawaomba wapigie mstari maneno yanayohusu sura na yale yanayohusu kazi. Kwa viumbe hai, sura iliizidi kazi kwa 7.7 kwa 1. Kwa vitu visivyo na uhai, 1.4 kwa 1. Kisha wakajenga mtandao bandia wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kuiga neva za ubongo, wenye uwiano huohuo, wakaufundisha, wakaharibu sehemu ya sura tu. Mtandao ukawasahau viumbe hai zaidi ya vitu, bila mtu kuuambia kwamba kuna kitu kinachoitwa kiumbe hai. Na jambo ambalo halikutarajiwa sana: maarifa ya kazi kuhusu wanyama nayo yakadhoofika, ingawa sehemu ya kazi haikuguswa. Dhana ya mnyama imeegemea sura kiasi kwamba sura ikianguka, kidogo kilichobaki hakiwezi kujisimamisha.

Waliosema ni ugumu tu

Kabla ya kushangilia, kulikuwa na pingamizi la kawaida kabisa, na mapingamizi ya kawaida ndiyo yanayoua matokeo mengi. Je, kama wanyama ni wagumu tu? Picha nyingi za majaribio haya zilitoka kwenye mkusanyiko mmoja wa michoro 260 uliochapwa mwaka 1980 na Joan Snodgrass na Mary Vanderwart. Humo mnyama huchorwa kwa mistari mingi, kijiko kwa miwili mitatu. Kijiko unakishika kila siku, kifaru huenda hukuwahi kumwona. Mwaka 1992 makundi mawili ya watafiti walionyesha kwa wagonjwa wengine kwamba ukisawazisha uzoefu na ugumu wa mchoro, tofauti ya hai na kisicho hai inaweza kuyeyuka.

Kwa miaka michache ilionekana kama JBR atazikwa na hoja hii. Mwaka 1996 Elaine Funnell na Paul De Mornay Davies walimrudia yeye mwenyewe, safari hii wakipima kila neno linafahamika kiasi gani. Uzoefu ulikuwa na uzito mkubwa, hilo walilithibitisha. Lakini haukuimeza tofauti yote: kwa vitu visivyofahamika sana, viumbe hai waliendelea kumshinda.

Pigo kubwa zaidi kwa hoja ya ugumu lilikuwa limeshakuja kutoka upande mwingine. Mwaka 1983 Warrington na Rosaleen McCarthy walikuwa wameeleza mgonjwa VER, aliyekuwa na hali iliyogeuzwa: vitu vilimsumbua kuliko wanyama, maua na vyakula. Kama wanyama ni wagumu kwa asili yao, mtu huyu hawezekani. Wagonjwa wa aina yake ni wachache, na mara nyingi jeraha lao liko kushoto, karibu na sehemu zinazoongoza mikono. Jambo hilo lina mantiki yake: nani anaijua nyundo kuliko mkono?

Kasuku usiyemwona akilini

Hapa inabidi nizungumzie taswira, kwa kuwa nimesikia kisa cha JBR kikielezwa kama vile tatizo lake lilikuwa kushindwa kupiga picha kichwani. Fumba macho, mlete kasuku. JBR hakuweza kumleta, kwa hiyo hakumjua. Inavutia. Inachanganya mambo mawili.

Mwaka 2010 Adam Zeman na wenzake walieleza mtu waliyemwita MX, mwenye umri wa miaka 65, ambaye baada ya tiba ya mishipa ya moyo alijikuta hawezi tena kuona chochote akilini. Zamani alijiliwaza usiku kwa kuzileta sura za watu wake. Sasa, giza. Lakini alipoulizwa maswali kuhusu sura za vitu na watu mashuhuri, alijibu kama mtu mwingine yeyote. Aliyajua bila kuyaona. Baada ya kisa chake kutangazwa, wakajitokeza watu waliosema wao wameishi hivyo tangu kuzaliwa, na mwaka 2015 Zeman akaipa hali hiyo jina, afantasia.

Muweke MX kando ya JBR. MX alipoteza picha, maarifa ya sura yakabaki. JBR alipoteza maarifa yenyewe. Kwa hiyo tunaposema viumbe hai "wanajulikana kwa sura", hatusemi kuna albamu kichwani ambayo kurasa zake zimechanika. Maarifa ya sura yanaweza kukaa kimyakimya, bila skrini. Taswira ni jinsi baadhi yetu tunavyoyahisi yanapotumika.

Mahali hoja inapovuja

Laiti kisa kingeishia hapo, ningelala vizuri. Mwaka 1998 Alfonso Caramazza na Jennifer Shelton walimleta mgonjwa EW. Huyu alikuwa na tatizo la wanyama peke yao. Matunda na mboga, ambavyo navyo hujulikana kwa rangi na umbo, vilikuwa salama. Tena kwa wanyama alikosea sura na tabia kwa kiwango kilekile, huku sura za vitu vingine akizijua barabara. Kwa hoja ya sura na kazi, EW ni mgeni asiye na kiti.

Caramazza na Shelton wakasema wazi: kuna mgawanyo wa makundi, na ni wa kale. Kumtambua mnyama anayekuwinda au unayemwinda, na mmea wa kula, kulikuwa suala la kufa na kupona kwa muda mrefu mno, hadi ubongo ukayatengea njia zake. Ushahidi uliowasaidia baadaye ulitoka kwa wasioona. Mwaka 2009 Bradford Mahon, Caramazza na wenzao waliwasomea maneno watu waliozaliwa vipofu wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Katika eneo ambalo kwa wenye kuona hutumika kutambua sura, wanyama na vitu viligawana pande zilezile. Mtu asiyewahi kumwona mnyama ana mpaka huohuo.

Na kuna kijana aliyeitwa Adam kwenye ripoti ya Farah na Carol Rabinowitz ya mwaka 2003. Ubongo wake uliumia akiwa na umri wa siku moja. Akiwa na miaka 16, vitu alivijua, viumbe hai hakuwajua. Alikuwa na miaka yote hiyo ya kujifunza na ubongo mchanga unaosifika kwa kujirekebisha, lakini sehemu nyingine hazikuichukua kazi hiyo. Utambue kwamba mmoja wa walioandika ripoti ni yuleyule Farah wa mtandao wa kompyuta. Napenda mtafiti anayechapa matokeo yanayomkwaza.

Mimi nasimama wapi? Naamini mpaka wa kale upo, Adam ananilazimisha. Lakini mpaka wa kale hauniambii kwa nini JBR alipoteza yakuti, hariri na fidla. Hakuna babu yetu aliyewindwa na fidla. Kila nikisoma mabishano haya naona watu wakimchukua JBR wa namba, 6 kwa 90, na kumwacha JBR wa vito na viungo vya mwili, ambaye ndiye mgumu. Nadhani virusi havikuheshimu mpaka wowote: viliharibu kwa pamoja kipande kinachoshughulika na viumbe na kipande jirani kinachotenganisha vitu vinavyofanana kwa rangi, mng'aro na umbo. EW alipata jeraha jembamba zaidi.

Jaribio ambalo ningependa kuliona lingefanywa kwa Kiswahili. Ugomvi mkubwa wa miaka yote hii ulikuwa kusawazisha maneno: hili linasikika mara nyingi kuliko lile, hili refu, lile fupi. Sisi tuna maneno ambayo sauti yake inakaa pande zote mbili za mpaka. Ndege. Kifaru. Tai wa angani na tai ya shingoni. Kiboko wa mtoni na kiboko cha kuchapia. Mkunga nimtaje pia, ingawa yeye ni hai kotekote: samaki, na mama anayezalisha wajawazito. Mkalishe mgonjwa kama JBR, mwambie neno moja tu, "kiboko", bila kiambishi cha kumsaidia, umwache aeleze maana zote anazozijua. Akianza na fimbo, mwandikie alama. Kisha mwambie, "Na kiboko anayeishi mtoni?" na usubiri.